Propela nne, bawa, au mseto: kuchagua droni ya uchunguzi kwa kazi za Lubumbashi

Koperativi ya wachimbaji huko Kipushi inataka kujua marundo yake yana mita za ujazo ngapi kabla mnunuzi hajaleta lori. Mhandisi wa mji anataka ramani ya bonde la Kafubu mvua haijaanza. Mwenye shamba kwenye barabara ya Kasenga anataka kuona mahindi yake yamekufa wapi. Wote watatu wana swali moja: tununue droni gani? Na muuzaji, awe wa mjini au wa Dubai, huwajibu kwa namba moja tu, ile ya dakika za kukaa angani: 45, 59, 90.

Namba hiyo inapoteza watu. Haisemi droni itashukia wapi, na kwenye kushuka ndiko vyombo vingi vinavunjika. Kwa hiyo hapa tunalinganisha aina tatu zinazopatikana kwa kazi za kiraia, tukianzia ardhini: droni ya propela nne, droni ya bawa, na droni mseto, yaani ile inayopaa wima kisha ikaruka kwa mabawa.

## Wanajeshi walisumbuka na kushuka kabla yetu

Droni zimekomazwa sana na kazi ya upelelezi wa kijeshi, na historia hiyo inasaidia kuchagua.

Marekani ilirusha droni za Ryan, zenye injini ya jeti, juu ya Vietnam na China kuanzia 1964 hadi 1975, safari zaidi ya 3,400. Hazikuwa na magurudumu. Ziliachiwa angani kutoka chini ya bawa la ndege kubwa ya DC-130, zikarudi kwa mwavuli, na mara nyingi helikopta iliudaka mwavuli kabla haujafika chini. Picha zilikuwa kwenye filamu: mpaka ioshwe, kamanda hakuwa na kitu mkononi, na adui angeweza kuwa ameshahama.

Israel ilifuata njia nyingine. Mastiff na Scout zilikuwa ndege ndogo za propela zilizotuma picha ya televisheni papo hapo, na Juni 1982 zilisaidia kuyatazama makombora ya Syria katika bonde la Bekaa wakati yanashambuliwa. Kutoka huko ikazaliwa Pioneer, ambayo wanamaji wa Marekani waliirusha kutoka kwenye manowari kwa msukumo wa roketi na kuipokea kwa wavu mkubwa. Ni Pioneer ya manowari Wisconsin ambayo mwaka 1991 askari wa Iraq kwenye kisiwa cha Faylaka waliipungia vitambaa vyeupe, wakajisalimisha kwa mashine isiyo na mtu ndani.

Raven, inayorushwa kwa mkono, yenye kilo 1.9 hivi, inashuka kwa kuzimika na kuanguka, na imeundwa iachane vipande ili isivunjike. ScanEagle ilianza kama chombo cha kutafutia samaki wa jodari baharini, kisha majeshi yakaichukua. Inarudi kwa kunasa kamba iliyoning'inizwa wima kwa ndoano ya ncha ya bawa. Mwavuli, wavu, kuanguka, kamba: yote ni majibu ya swali lile lile la kushuka.

Kwetu Kongo pia limejibiwa, na kwa gharama. Ubelgiji ilileta B-Hunter Kinshasa mwaka 2006 kwa ajili ya kikosi cha Ulaya cha EUFOR. Tarehe 3 Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulirusha rasmi droni ya Falco kutoka uwanja wa Goma, mara ya kwanza kwa walinda amani wake kuwa na droni zao za upelelezi. Falco ina uzito wa kilo zaidi ya 400 na inataka njia ya ndege. Januari 2014 moja ilianguka ikitua Goma. Mei 2014 droni hizo hizo ziliona boti iliyopata ajali kwenye ziwa Kivu na walinda amani wakaenda kuokoa watu.

## Vipimo tunavyotumia

Kila aina tunaipima kwa mambo matano: mahali pa kupaa na kutua, eneo inalomaliza kwa siku, usahihi wa ramani, kinachoharibika na namna ya kukitengeneza hapa, na mtu inayemfaa. Bei imewekwa ndani ya hilo la mwisho, kwa sababu bei ya kununua ni ndogo kuliko bei ya kukaa miezi miwili bila droni.

Kabla ya hapo, rekebisha karatasi ya kiwanda. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hadi 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba, joto likiwa nyuzi 30, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo moja tu hivi, wakati kipimo cha vitabuni ni kilo 1.225. Ni pungufu kwa asilimia 18. Propela inayoibeba droni hewani itakula umeme zaidi kwa asilimia 10. Bawa nalo halisalimiki: kasi ya chini kabisa ambayo bado linabebwa na hewa inapanda kwa asilimia 10 hiyo hiyo, kwa hiyo droni ya bawa inagusa ardhi kwa kasi zaidi na inateleza mbali zaidi.

Hesabu yenyewe ni hii. Kiwanda kimesema dakika 45. Hewa inaondoa nne au tano, zinabaki 40. Robo ya betri haiguswi, zinabaki 30. Kwenda kwenye eneo, kurudi na upepo vinaondoa nyingine tano. Umebaki na dakika 25 za kazi. Fanya hivyo kwa kila droni utakayotajiwa.

## Droni ya propela nne

Pa kutua. Meza inatosha. Kipande cha mbao cha mita moja kwa mita moja, au turubai lililofungwa kwa mawe pembeni, kinatosha na kinahitajika: vumbi jekundu la laterite likipulizwa na propela zenyewe linaingia kwenye mota na kukwaruza lenzi. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuichagua. Inaingia kwenye ua wa nyumba katika mitaa ya Lubumbashi kama Kenya au Katuba, kwenye ukingo wa shimo, katikati ya marundo.

Eneo. Tuchukue Mavic 3 Enterprise, yenye gramu 915 na kamera ya megapikseli 20. Ukiruka mita 100, pikseli moja inafunika sentimita 2.7 za ardhi, na picha nzima inafunika mita 142 kwa 106. Picha zikipandana asilimia 70 ubavuni na 80 mbele, mistari ya mruko inaachana mita 43 na picha inapigwa kila mita 21. Kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde, zile dakika 25 zinatoa hekta 60 kwenye karatasi, na 50 ukitoa muda wa kugeuka mwisho wa kila mstari. Ni picha kama 600, GB 6 hivi.

Kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa nne, kabla upepo wa kusini-mashariki haujaamka, betri nne au tano zinatumika bila haraka. Hiyo ni hekta 200. Shamba la hekta 600 litakula siku tatu.

Usahihi. Hapa inashinda, kwa sababu inaweza kushuka chini na kwenda polepole. Chukua rundo la madini lenye uso wa hekta moja. Ukikosea urefu kwa sentimita 5 tu, umekosea mita za ujazo 500. Kwa madini yenye tani 1.8 kwa mita ya ujazo, hizo ni tani 900. Kosa la urefu kwa kawaida ni mara mbili hadi tatu ya pikseli ya ardhini. Kwa hiyo kwa marundo shuka hadi mita 60, pikseli iwe sentimita 1.6, na ukubali kwamba betri moja sasa inamaliza hekta 25.

Angalia kama kamera ina shata ya mitambo, yaani pazia dogo linalofunguka na kufunga kweli picha inapopigwa. Droni nyingi za bei nafuu zina shata ya kielektroni inayosoma picha mstari kwa mstari. Droni ikiwa inakwenda, kila picha inapinda kidogo, na rundo linavimba au kusinyaa bila wewe kujua.

Kinachoharibika. Kosa linaloua droni nyingi migodini ni urefu wa kurudi. Droni inahesabu urefu kuanzia pale ilipopaa. Ukipaa kutoka chini ya shimo lenye kina cha mita 80 na umeweka irudi kwa mita 50, siku mawasiliano yakikatika itapanda mita 50, itanyooka kurudi, na kati yake na wewe kuna ukuta wa mwamba. Paa kutoka ukingoni. Lakini ukipaa ukingoni na kuruka mita 100 bila kufuata umbo la ardhi, chini ya shimo kuna umbali wa mita 180, na pikseli ya sentimita 2.7 imekuwa 4.8. Washa programu ifuate ardhi, ukiipa ramani ya miinuko uliyoitengeneza kwa mruko wa kwanza wa juu.

Kosa la pili ni dira. Usiirekebishe ukiwa umesimama karibu na pikapu, juu ya zege lenye nondo au kwenye lundo lenye chuma. Sogea mita 20 au 30. Na mwewe: kuanzia Julai wako wengi juu ya mji. Akianza kuizunguka, panda juu moja kwa moja. Mwewe anashambulia akishuka, na kupanda wima hawezi kukufuata kwa muda mrefu.

Karibu na bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kuna jambo la kukumbuka. Bomba lina mita 153. Mruko wa mita 120 kuzunguka terili, lile lundo kubwa la taka za kiwanda, ni wa chini kuliko bomba, na sensa za kuona vizuizi hazitegemewi jua likiwa usoni.

Inamfaa nani. Koperativi, mpima viwanja, mkandarasi wa barabara, mtu wa picha za uharibifu baada ya mafuriko. Bei ni dola elfu chache, na propela, betri na chaja vinapatikana mjini au vinafika ndani ya siku chache. Inamkosea mtu mwenye eneo kubwa. Pia ndiyo droni inayotia watu hofu zaidi: tangu 2022 aina hii hii ya Mavic inatumiwa na pande zote mbili za vita vya Ukraine, hadi mtengenezaji akasimamisha mauzo katika nchi zote mbili Aprili mwaka huo. Watu wameona video hizo kwenye simu. Ikilia juu ya mtaa bila taarifa, usishangae mawe yakirushwa.

## Droni ya bawa

Pa kutua. Hapa ndipo swali lote lilipo. Droni kama eBee X ni bawa la povu lenye upana wa sentimita 116 na uzito wa kilo 1.1 hadi 1.6. Unaishika kwa mikono miwili, unaelekea upepo unakotoka, unairusha. Hiyo ni rahisi. Kushuka inateleza kwa tumbo, kama ndege wa maji, ikielekea upepo. Panga ukanda wa mita 150 kwa 40 usio na mti, na uwe na mbili za pande tofauti, maana upepo unageuka.

Sasa angalia ardhi yetu. Pembeni ya Lubumbashi kuna vichuguu vya mchwa vya mita 5, vingine vinafika 8, vikiwa na kitako kipana kuliko nyumba. Hivyo vikubwa unaviona. Vinavyovunja droni ni vile vya nusu mita vilivyofichwa na majani marefu ya Machi na Aprili, na visiki vya miti iliyokatwa kwa makaa. Kwa hiyo ukanda haukaguliwi kwa macho kutoka kwenye gari. Watu wawili wanautembea kwa miguu, mita tano mmoja toka kwa mwenzake, na kila kisiki kinawekewa kitambaa. Ni nusu saa. Mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, uwanja wa mpira, na barabara ya udongo iliyofungwa kwa dakika kumi ndizo sehemu nzuri.

Eneo. Hapa ndipo bawa linapostahili sifa. Kwa mita 120, na kamera ya megapikseli 20 ya inchi moja, pikseli ni sentimita 2.7, mistari inaachana mita 44, na droni inakwenda mita 13 kwa sekunde. Dakika 50 za kazi zinamaliza hekta 150. Miruko mitatu kabla ya saa tano na umevuka hekta 400. Bonde lote la mto au shamba kubwa linamalizwa kwa asubuhi moja, chini ya mwanga mmoja, na hilo lina faida kubwa kwenye picha za mimea: kivuli hakibadiliki katikati ya ramani.

Usahihi. Ni nzuri kwa ramani, dhaifu kwa marundo madogo. Haiwezi kusimama. Ukiishusha hadi mita 60 kwa kasi hiyo, inabidi ipige picha kila baada ya robo tatu ya sekunde ili zipandane vya kutosha, na kamera nyingi zinashindwa. Kuta za shimo haizioni vizuri, kwa sababu kamera inatazama chini.

Kinachoharibika. Povu linagawanyika, na povu ni jambo jema: gundi, utepe, na umerudi kazini. Bawa la akiba na propela mbili ziwe ndani ya sanduku. Kinachosumbua zaidi ni kitu kidogo ambacho watu hawakifikirii, ile mirija ya kupimia kasi ya hewa. Droni ikiwekwa stoo wiki tatu, manyigu wanajenga udongo ndani. Ikiruka, kompyuta inasoma kasi ya uongo, inaiongoza vibaya, na droni inaanguka kwa pua mita 50 tu kutoka ulipoirushia. Funika mrija kila inapolala, na kabla ya kurusha upulizie polepole kwa mbele, si kwa mdomo ukiuziba, uone namba inapanda na kushuka kwenye skrini.

Moshi pia. Kuanzia Julai hadi Oktoba moto wa nyika unawaka kila upande, na juu ya moto hewa moto inalisukuma bawa juu mita 20 au 30 kwa ghafla. Picha zinazopigwa hapo hazishikani. Ukiona moshi ndani ya mstari wa mruko, ahirisha.

Inamfaa nani. Mwenye eneo zaidi ya hekta 300 na mahali pa kushukia panapojulikana. Mashamba, mabonde ya mito, njia za barabara ndefu. Bei inapita dola elfu kumi. Kwa mtu aliye chini ikianguka, povu jepesi lina madhara madogo kuliko kitu kigumu cha kilo nne, na hilo lihesabiwe kama unaruka karibu na vijiji. Inamkosea mwenye kazi ndani ya mji au ndani ya shimo, haijalishi bei aliyopunguziwa.

## Droni mseto

Aina hii ni jibu jipya la swali la zamani: inapaa na kushuka kama helikopta, inasafiri kama ndege. WingtraOne inasimama kwa mkia, ina upana wa sentimita 125 na kilo 3.7 kabla ya kamera. Trinity ya Quantum-Systems ina propela zinazogeuka na mabawa ya mita 2.4, kilo 5. Kampuni hiyo ya Ujerumani ina ndugu yake wa kijeshi, Vector, ambaye tangu 2022 anapeleleza Ukraine.

Pa kutua. Mita tano kwa tano, tambarare, bila majani marefu. Vichuguu havina neno tena. Lakini usidanganyike na hapo chini: juu ya sehemu hiyo panatakiwa uwazi ili ipande wima kupita miti, kisha ipate nafasi ya kulala na kushika kasi. Katikati ya miombo yenye miti ya mita 15, uwazi wa mita tano ni kisima.

Eneo. Kwa kamera ya megapikseli 42 yenye lenzi ya milimita 35, kutoka mita 120 unapata pikseli ya sentimita 1.5, na bado, kwa mita 16 kwa sekunde, mruko mmoja wa dakika 50 kamili ungefika hekta 170. Hapa kwetu, ukiondoa hewa nyembamba na akiba, panga hekta 100 hadi 120. Sababu ni kwamba dakika mbili za kuning'inia wakati wa kupaa na kushuka zinakula betri kuliko dakika nyingi za kusafiri, na hizo ndizo zinazoathirika na zile asilimia 10.

Usahihi. Inaunganisha mawili: pikseli ndogo na eneo kubwa. Kwa mgodi wa wazi wenye hekta 400 unaopimwa kila mwezi, ni vigumu kuipita.

Kinachoharibika. Inahama kutoka hali moja kwenda nyingine, na hapo ndipo pabaya. Ikisimama kwa mkia ili ishuke, mwili wote unakuwa tanga. Ndiyo maana upepo unaoruhusiwa ardhini ni mdogo kuliko unaoruhusiwa angani. Saa nane mchana Agosti, ukingoni mwa shimo, upepo unapinda juu ya ukuta na kuipiga ubavuni ikiwa mita tatu kutoka chini. Ruka asubuhi, shukia mbali na ukingo, mita 100 ikiwezekana.

Na ikivunjika, gundi haisaidii. Mota, sensa na kompyuta ya mruko vinarudi kwa mtengenezaji Ulaya, vinapita forodha mara mbili, na unahesabu wiki. Ukiwa na kandarasi ya kila mwezi, bajeti iwe ya droni mseto pamoja na propela nne ya akiba.

Betri nazo zina habari yake. Mashirika ya ndege huruhusu betri za hadi watt-saa 100 kwenye mkoba wa mkononi bila kuomba; kati ya 100 na 160 zinahitaji ruhusa, mbili tu kwa mtu; zaidi ya hapo zinakwenda kama mzigo hatari. Betri ya Wingtra ina 99, ya Mavic 77. Uliza namba hii kabla ya kununua, kwa sababu betri zilizobaki Addis Ababa au Johannesburg zinasimamisha kazi.

Inamfaa nani. Kampuni ya mgodi, ofisi ya upimaji yenye kazi ya kudumu, mradi wa mji mzima. Dola elfu ishirini na kuendelea, pamoja na mafunzo. Mtu anayeruka mara nne kwa mwaka atasahau taratibu zake, na droni hii haisamehi aliyesahau.

## Yanayofanana kwa zote

Umeme. Usichaji moja kwa moja kwenye jenereta ndogo ya kelele. Volti zake zinaruka na chaja inakufa. Tumia betri ya gari na inveta ya wimbi safi. Betri ya Ah 60 ina watt-saa 720, tumia nusu. Kujaza betri moja ya Mavic kunakula kama 90 pamoja na upotevu. Unapata mara nne. Betri iliyotoka kazini ipoe kwanza, na ikilala zaidi ya siku tatu iachwe kwenye volti 3.8 kwa kila seli.

Alama za ardhini. Hata droni ikiwa na GPS ya kujirekebisha, weka alama tano hadi kumi: mbao za sentimita 60 zilizopakwa nyeusi na nyeupe, pembeni zote na moja au mbili katikati, na nyingine chini kabisa ya shimo. Kituo chako cha msingi cha GPS kikae saa nne au zaidi bila kusogezwa. Marekebisho yanayofanywa baada ya mruko, PPK, yanavumilia mawasiliano kukatika kuliko yale ya papo hapo. Ramani iwe kwenye UTM, mfumo wa vipimo vya mahali unaogawa dunia kwa kanda: kanda ya 35 Kusini, namba 32735. Ukikosea kanda, shamba litahamia nchi nyingine.

Kompyuta. WebODM, programu ya kuunganisha picha kuwa ramani, ni bure na inafanya kazi bila intaneti. Picha 250 zinataka RAM ya GB 16, picha 500 GB 32. Mwenye laptopu ya GB 8 agawe eneo vipande.

Kibali. Mamlaka ya usafiri wa anga, AAC, iombwe kabla droni haijafika forodha, na uwe na nakala za karatasi mkononi uwanjani. Uwanja wa ndege wa Luano uko kaskazini-mashariki, upande wa Ruashi. Huko zungumza na mnara kwanza. Kambi za jeshi usizipige hata kwa bahati mbaya: chora mruko wako uzikwepe. Chefu wa mtaa aambiwe jana yake, na watoto waitwe waione kabla haijapaa. Na wasomaji wa Goma na Bukavu: tangu miji hiyo itekwe mwanzoni mwa 2025, kila kinacholia angani ni silaha kwa anayekisikia. Ulinganisho huu si wenu kwa sasa. Tumieni picha za setilaiti za Sentinel-2, ni bure, pikseli ya mita 10, zinarudi kila baada ya siku tano.

## Kulingana na hali yako

Una marundo na shimo dogo, chini ya hekta 100, na fedha kidogo: propela nne yenye shata ya mitambo, betri tano, ruka mita 60.

Una shamba au bonde la hekta 300 na zaidi, na unajua uwanja utakaoshukia kila mara: bawa. Fanya kazi Mei na Juni, majani yakiwa yamelala na moshi bado haujajaa.

Una eneo kubwa lakini limezungukwa na vichuguu, visiki au uzio wa mgodi: mseto, kama una mtu wa kuirusha kila wiki. Kama huna, propela nne na siku tatu badala ya moja.

Kazi yako ni ndani ya mji, kati ya nyumba na nyaya: propela nne, kwa urefu unaopita nguzo ndefu kuliko zote angalau kwa mita 20, Jumapili asubuhi wakati barabara ziko tupu.

Hujui bado utashukia wapi: usinunue. Nenda kwenye eneo na futi ya mita 50 na vitambaa vyekundu, tembea ukanda, hesabu visiki, pima miti ya pembeni. Ukirudi na mchoro huo, muuzaji hatakuanzia tena na dakika.